Jumamosi nane na laki mbili na nusu yangu: rivyu ya kozi ya takwimu za afya hapa Mtwara mjini

Watu kama saba wameshaniuliza ile kozi ikoje, inafaa au ni kula hela za watu tu, sasa nimechoka kumjibu mmoja mmoja naandika yote hapa alafu kila mtu asome mwenyewe. Jina la wahusika sitaji. Mtwara hii ndogo, tunakutana soko kuu kila siku, na kuna mambo humu nitawasema vibaya.

Kwanza mjue mi ni nani maana rivyu inategemea na msemaji. Nina digrii ya hisabati, sio ualimu wa hisabati, hisabati yenyewe tupu, ile unayojaza ukurasa mzima na namba pekee iliyomo ni namba ya ukurasa. Nimemaliza 2020, nikarudi nyumbani Chuno, toka hapo nafundisha tuisheni kidato cha tatu na cha nne, na msimu wa korosho naandika mizani kwenye ghala la chama cha msingi. Sio kwamba nalalamika, mizani inalipa. Ila mjomba wangu ndo alikua ananimaliza, kila nikipita barazani kwake ananiita "njomba, hizo hesabu zako zinavunwa mwezi gani?" Na kwetu sisi mjomba akiuliza huwezi kujibu ovyo, kwaiyo nikaanza kuzungukia nyuma ya nyumba.

Sasa Januari nimeenda steshenari kutoa kopi za mtihani nikakuta tangazo limebandikwa ukutani, TAKWIMU ZA AFYA, WIKI NANE, CHETI, AJIRA NJE NJE. Hapo pa ajira nje nje ndo waliponinasa, nitaparudia. Ada laki mbili na nusu, unalipa kwa awamu mbili, Jumamosi tu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Nikatoa hela ya mizani nikajiandikisha.

Mahali penyewe ni ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Madirisha yanafunguka upande mmoja tu na joto la Februari la huku mnalijua, afu chini kuna jamaa anakata nondo, kwaiyo mwalimu akifika kwenye pointi ya maana ndo msumeno unaanza kulia. Projekta ipo lakini umeme ukikatika basi, jenereta waliyotuonyesha siku ya kujiandikisha haikuwaka hata siku moja kati ya zile nane, ilikua imekaa pale kwenye ngazi kama mlinzi. Viti vya plastiki. Choo kisafi, hapo niwape haki yao. Saa nne kuna mama anakuja na mihogo ya kuchemsha na vipande vya pweza, hayuko kwenye ada unajilipia mwenyewe, lakini nikisema ukweli yule mama ndo huduma pekee ambayo haikuchelewa hata dakika moja.

Tulikua 19. Wengi manesi, wawili maafisa afya, mmoja wa maabara, kijana mmoja wa IT, na mimi. Nikajua nitawakalisha wote, si hesabu hizi bwana.

Wiki ya kwanza imenikera mpaka nikataka nidai hela yangu. Mwalimu wa kwanza alikua anasoma slaidi, wastani, mediani, moda, vitu ninavyofundisha kidato cha tatu kwa buku mbili. Na slaidi zenyewe kazitoa huko alikozitoa, mfano wa kwanza eti idadi ya watu walioteleza kwenye barafu kwa wiki. Dada mmoja nesi kutoka Nanyamba akauliza "mwalimu, barafu ipi, ya kwenye friji?" darasa zima likafa. Nyota moja kwa wiki ya kwanza, na hiyo moja ni ya pweza.

Wiki ya pili wakaleta mwalimu mwingine na hapo kozi ikageuka kabisa, kwaiyo ukienda kaulizie kwanza nani anafundisha kabla hujatoa hata mia. Huyu mzee (sio mzee sana, miaka hamsini hivi) historia yake ni kama yangu ila yeye amefika. Hisabati tupu chuoni, akapangiwa kufundisha sekondari Masasi, akafundisha weee, alafu akachukua kibarua cha likizo kwenye mradi wa utafiti, kuingiza madodoso kwenye kompyuta. Anasema ndani ya wiki mbili akagundua dodoso zinazotoka kijiji kimoja wazee wote wamezaliwa miaka inayoishia na sifuri au tano. Akaenda kumwambia bosi. Bosi akamuuliza umejuaje, akasema nimehesabu tarakimu za mwisho tu. Kile kibarua hakikuisha, wakamsomesha masters, mpaka leo anaishi na takwimu za afya. Alivyosimulia hakuongeza chumvi wala kujisifu, alikua anafuta ubao.

Ndo akatuambia njia hii haijaanza na yeye. Akatupa mfano wa Mnigeria, Abba Gumel, kaanzia hisabati Bayero pale Kano, kachukua PhD Brunel Uingereza, kafundisha Kanada, kaenda Arizona, saivi yuko University of Maryland, na kazi aliyojulikana nayo ni kuandikia magonjwa milinganyo, malaria, UKIMWI, UVIKO. Akatuambia pia habari za AIMS, ile taasisi ya hisabati iliyoanzia Muizenberg Afrika Kusini 2003 afu ikafungua vituo Senegal, Ghana, Kameruni, Rwanda, na ile SACEMA, kituo cha utafiti cha Stellenbosch huko huko Afrika Kusini, ambacho kazi yake ni modeli za magonjwa tu. Na kwa wasiotaka kwenda mbali kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika Dar, kipo toka 1965, mi miaka yote mitatu ya digrii nilikua nakipita kwenye daladala najua ni ofisi ya serikali.

Lakini aliponikamata kabisa ni Ronald Ross. Huyu ni daktari, 1897 kule India ndo alikuta vijidudu vya malaria kwenye tumbo la mbu, wakampa Nobel 1902. Sasa angeweza kukaa akala pensheni yake, ila watu wakawa wanambishia, wanasema mbu huwezi kuwamaliza wote kwaiyo kuwapunguza ni kazi bure. Mzee wa watu akaingia kwenye hesabu, akaandika milinganyo, akaonyesha kwamba sio lazima uue mbu wote, kuna kiwango ukishuka chini yake malaria yenyewe inaishiwa pumzi. Mwalimu akachora ubaoni, mstari mmoja wa watu wanaoambukizwa, mstari mmoja wa wanaopona, akasema Ross alitoka kwenye mbu akaenda kwenye hesabu, huyu kijana (akaninyooshea chaki) anatoka kwenye hesabu anaenda kwenye mbu, mtakutana katikati. Chandarua cha kwetu nimekitazama tofauti toka siku ile, na huku kwetu sio mchezo, ule utafiti wa kitaifa wa 2022 malaria kwa watoto chini ya miaka mitano nchi nzima ilikua kama asilimia 8, Mtwara karibu asilimia 20, tumezidiwa na Tabora tu.

Sasa wiki ya tatu nikaaibika. Mwalimu kaandika mfano ubaoni, zahanati moja imekadiriwa ina watoto 150 wa chini ya mwaka mmoja, waliopata chanjo ya penta dozi ya tatu ni 168, tafuta asilimia ya waliochanjwa. Mi nikawahi, "mwalimu hilo swali limekosewa, inatoka 112, asilimia ya waliochanjwa haiwezi kuzidi mia." Nimesema kwa sauti ya digrii kabisa. Manesi wakaangaliana wakaanza kucheka, sio kicheko kibaya, kile cha mtu mzima anayemwangalia mtoto kavaa viatu upande upande. Yule dada wa Nanyamba akaniambia "kaka, mi kwetu mwaka juzi tulipata zaidi ya hapo na nikapongezwa."

Alafu ndo wakaanza kunifundisha, manesi wenyewe, mwalimu kakaa pembeni anakula mhogo. Kwamba ile 150 hakuna aliyeihesabu, ni makadirio yametolewa kwenye sensa yakapigiwa hesabu ya ongezeko mwaka hadi mwaka, na sensa zetu ni 2012 afu 2022, sasa miaka inavyoenda makadirio nayo yanazidi kwenda zake. Kwamba kina mama wa kijiji cha jirani wanakuja kwako kwa sababu kwao nesi hayupo. Kwamba kuna wanaovuka Ruvuma na mtoto mgongoni na huwezi kumwambia rudi ukachanjwe kwenu. Kwamba msimu wa korosho watu wanahamia mashambani na watoto wao. Kwaiyo walio kwenye kiasi (ile 168 ya juu) wengine hawamo kwenye asili (ile 150 ya chini), mwanahisabati mzima nimeshindwa kuona kitu ambacho kwenye mtihani ningekiona ndani ya sekunde mbili, kwamba seti ya juu sio sehemu ya seti ya chini. Mi nilidhani nikipewa namba nimeshapewa ukweli, kazi yangu ni kukokotoa tu. Wiki ile nilirudi nyumbani kwa miguu toka Bima mpaka Chuno, bodaboda nimezikataa zote.

Wiki ya tano tukapelekwa zahanati, nje ya mji kidogo, nauli tumejilipia (kwenye tangazo iliandikwa "ziara imo", andikeni hiyo). Hii siku peke yake ina thamani ya ada yote. Kuna meza ya mbao, juu yake vitabu vya MTUHA, vile vya kuandikia taarifa za huduma za afya, vimepangwa, vile vikubwa, cha wagonjwa wa nje, cha wajawazito, cha watoto, cha kujifungua, kingine jalada limeshatoka limeshonwa na uzi wa gunia. Nesi mmoja tu siku ile. Anapima mtoto, anaandika, anachoma sindano, anaandika, anamfokea mtu kwenye foleni, anaandika. Mwisho wa mwezi anakaa na penseli anahesabu kwa vijiti, vinne na cha tano kinakatiza, anajumlisha, anahamishia kwenye fomu ya mwezi, fomu inaenda wilayani inaingizwa kwenye ule mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, DHIS2, na kule juu mtu mwenye kiyoyozi anaona chati ya rangi.

Mwalimu akatuambia tazameni chati ya malaria ya zahanati hii waliyobandika ukutani. Tukatazama. Kuna mwezi nguzo imeshuka ghafla, ya kabla ndefu ya baada ndefu, hiyo katikati fupi kama jino la mtoto. Akauliza kilitokea nini. Mi nikasema mvua zilikata, kijana wa IT akasema labda waligawa vyandarua, mmoja akasema dawa ya kupulizia. Nesi wala hakugeuka, yuko anafunga bandeji ya mtu, akasema "vipimo viliisha."

Yaani vile vipimo vya haraka vya malaria viliisha mwezi ule, hakuna aliyepimwa, hakuna aliyeandikwa, na ukutani inaonekana malaria imekaribia kuisha.

Alafu akatufungulia fomu ya zamani, kuna visanduku vimeandikwa sifuri na vingine viko wazi. Nikauliza mama, hapa wazi na hapa sifuri si sawa tu? Akaniangalia kama nimemtukana. "Sifuri nimeangalia hakuna. Wazi sijaangalia." Nimesoma miaka mitatu nadharia ya seti, seti tupu nimeiandikia kurasa, na hakuna aliyewahi kunieleza vizuri kama huyu mama na bandeji yake mkononi.

Wiki ya sita na ya saba ni kompyuta. Wanatumia R, programu ya takwimu, na hapa nawapongeza, wangeweza kutufundisha programu ya kulipia ambayo baadae kila mtu angeenda kutafuta ya wizi yenye virusi. R ni bure kabisa, waliianzisha jamaa wawili wa chuo cha Auckland New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, wote majina yanaanza na R ndo jina likatokea hapo, na toleo la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000, tarehe ya kipekee hiyo. Laptopu yangu ramu GB 4 na feni inalia kama pikipiki, imebeba bila shida. Ila jiandae na bando! Intaneti ya darasani ilikua ya jina tu, vile vifurushi vya ziada vya R nimeshusha kwa simu yangu na ndani ya Jumamosi moja bando la wiki limekwenda. Na ukikosea koma moja inakutukana kwa Kiingereza kirefu. Manesi wawili waliacha kuja kuanzia hapo na siwalaumu, mwalimu alikimbia sana, angegawa ile wiki ya barafu akaileta huku ingekua afadhali.

Kitu kimoja nimekipenda. Ukiipa R safu ya namba na moja wapo haipo ukaiomba wastani, haikupi wastani, inakuandikia NA, yaani haipo, basi. Wenzangu wakakasirika wakasema programu mbovu, eksel ingetoa jibu. Mi nikamkumbuka yule mama wa zahanati, nikaona kumbe wanafanana, sijaangalia siwezi kusema. Lazima umwambie mwenyewe kwa mdomo wako kwamba ruka zile zisizokuwepo, na ukishamwambia ni juu yako.

Wiki ya nane ilikua marudio na mtihani, mtihani mwepesi, sina la kusema. Ila mwishoni mwalimu akatuonyesha utafiti mmoja uliochapishwa 2015, umefanywa huku huku kwetu, wilaya tano za Lindi na Mtwara, Newala, Tandahimba, Ruangwa na zingine, wa taasisi ya afya ya Ifakara na wenzao wa London. Data yake ilikusanywa 2007 nyumba kwa nyumba, kaya 226,000, walikua wanaangalia vifo vya kina mama na umbali wa kutoka nyumbani mpaka hospitali, na wakakuta vile vifo vinavyotokana na uzazi wenyewe vinapanda kadiri nyumba inavyokua mbali. Nikaganda. 2007 mi niko darasa la nne, naishi kwa bibi Tandahimba, na nakumbuka kabisa walikuja watu wawili na kikompyuta cha mkononi, wakakaa kwenye kigoda wakamuuliza bibi maswali mpaka akawaambia wanangu mimi nina mihogo jikoni. Sisi watoto tulikua tunagombania kuona kile kikompyuta kinawaka. Kwaiyo kwenye zile 226,000 moja ni ya bibi yangu, nimekaa naangalia namba ambayo na mimi nimo ndani yake na vumbi langu la miguu.

Haya, turudi kwenye ajira nje nje. Hamna. Wala wasiwadanganye. Siku ya mwisho tulipouliza wakasema "mtaunganishwa na wadau", mpaka leo mdau hajapiga simu. Na ukweli mwingine ambao mwalimu aliusema yeye mwenyewe, sio ofisi: kazi nyingi za data za afya huku zilikua kwenye miradi, na toka Marekani walivyositisha misaada Januari 2025 miradi mingi imefungwa na watu wenye uzoefu wa miaka kumi wako mtaani wanatafuta kazi ile ile unayoitafuta wewe na cheti cha wiki nane. Cheti chenyewe kimechelewa mwezi na nusu na jina langu wamekosea herufi, nimekirudisha, nasubiri.

Nani aende? Kama ni nesi au upo kwenye afya tayari na unajaza fomu kila mwezi hujui zinaenda wapi, nenda, ila jifunze kompyuta kidogo kabla. Kama ni mtu wa hisabati kama mimi, nenda ukakae na manesi, zile hesabu utazijua wewe kuliko wao na kila kitu kingine watakijua wao kuliko wewe. Kama unafuata cheti tu upate kazi Mei, hiyo laki mbili na nusu nunua salfa upulizie mikorosho.

Nyota tatu kati ya tano. Angekua mwalimu yule wa pili wiki zote nane na ile jenereta ikawaka ningetoa nne na nusu.

Mi saivi kila Jumanne naenda pale zahanati kujitolea, hamna malipo, namsaidia yule mama kujumlisha vijiti mwisho wa mwezi na nimemtengenezea faili la kukagua jumla kabla fomu haijaenda wilayani. Mwezi wa kwanza tu tumekuta ukurasa mzima wa kitabu cha watoto ulirukwa. Mjomba kauliza wanakulipa bei gani, nikamwambia bado, akasema "basi ukitoka huko upitie mbele, sio nyuma ya nyumba, nakuonaga."

Darasa linalofuata wanasema linaanza baada ya minada ya korosho. Ukienda kujiandikisha waambie wawashe ile jenereta mbele yako.